Kidole Katika Ufa wa Daraja la Siagi

Haya aliyasimulia Sjoukje Wiarda mwenyewe, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ile saa zinaporudishwa nyuma na mji mzima unashinda ukiulizana ni saa ngapi kweli. Alikuwa amekaa dirishani, hana haraka, na pale alipokosea alirudi nyuma akasahihisha.

Lakini mtu kama huyu ukitaka kumjua, mkute kazini kwanza.

Saa mbili asubuhi, Ijumaa, mvua nyembamba. Sjoukje amepiga magoti katikati ya barabara, juu ya daraja la tano kati ya madaraja kumi na moja ya mji wa Harnsum, huku Friesland. Amevaa koti la manjano na chini ya magoti ametandika gunia. Waendesha baiskeli wanampita kulia na kushoto, wengine wakimpigia kengele. Mzee mmoja anapunguza mwendo na kumuuliza kama amepoteza pete ya ndoa.

"Ndoa yenyewe niliipoteza zamani," Sjoukje anajibu bila kuinua kichwa. "Pete ninayo."

Anachofanya ni kuingiza kidole chake cha mwisho kwenye ufa, pale ncha ya daraja inapokutana na ukingo wa jiwe. Kidole kinaingia mpaka kiungo cha pili. Anamwambia kijana aliyesimama nyuma yake kwamba kwa Oktoba inafaa, ila warudi mwezi wa pili, asubuhi yenye barafu, wapime tena. Kijana anaandika. Kisha naye anafunga mwavuli, anavua glavu, anapiga magoti pale pale kwenye maji na kuingiza kidole chake.

Huyo ni injinia Rienk Haitsma, miaka ishirini na tisa, wa ofisi ya madaraja. Mwezi wa nane watu hawa wawili walikuwa hawasalimiani.

Sjoukje ana miaka sitini na miwili. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mlinzi wa Daraja la Siagi, la tatu ukihesabu kutoka stesheni. Mlinzi, maana yake ndiye mwenye kuliinua ikipita mashua ya matanga, na kulishusha watu wapite. Julai hali ya hewa ikiwa nzuri aliliinua hata mara arobaini kwa siku. Mshahara haukuwa wa kutajirika, euro elfu moja na mia tisa kwa mwezi, lakini kazi ilikuja na nyumba: ya matofali, vyumba vitatu, imegandamana na daraja lenyewe, na madirisha yake mawili yanatazama maji.

Kabla yake alikaa humo baba yake, Douwe, ambaye leo ana miaka themanini na tisa. Kabla ya Douwe, baba yake. Na kabla ya huyo, Gosse, ambaye ndiye mwenye kisa.

Daraja la kwanza mahali pale lilikuwa la mbao. Wauza siagi ndio waliolijenga, mwaka 1741, kwa sababu mapipa yao yalikuwa yanazungushwa mji mzima mpaka siagi inaanza kulainika kabla ya kufika mizanini, kwenye jumba la kupimia. Meli zenye milingoti nazo zilikuwa na haki ya kupita, hivyo likajengwa la kuinuka. Mlinzi alikuwa ananing'iniza kiatu cha mti kwenye ufito, anakirusha kwa nahodha kama mtu anayevua samaki, na nahodha anatia senti ndani. Daraja hilo la mbao lilitengenezwa na kutengenezwa tena mpaka halikubaki na ubao hata mmoja wa mwanzo, na mwaka 1887 likaondolewa, likawekwa la chuma.

Mji mzima ulilipenda lile la chuma. Lilikuwa jembamba, limepakwa rangi ya kijani, na uzito wa nyuma, ule unaolisawazisha, ulikuwa umepimwa vizuri kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuliinua kwa mkono. Majira ya joto yaliyofuata, siku ya gulio kubwa, Gosse aliliinua, meli zikapita, akalishusha, na daraja likagoma kulala. Chuma kilikuwa kimevimba kwa joto. Likabaki limeinua pua yake juu ya ukingo kwa saa sita. Bwana harusi alikuwa upande wa kanisa na bibi harusi upande wa mizani, na inasemekana mpaka jioni wazazi wa pande zote mbili walikuwa wamebadilishana maneno ambayo hayakusahaulika.

Gosse hakumwambia mtu. Aliogopa wakubwa wangesema ameharibu daraja jipya. Kwa asubuhi tisa mfululizo, kabla mikokoteni haijaanza kupita, alichonga ncha ya daraja kwa patasi na tupa mpaka ufa ukatosha kidole. Akapapaka rangi mahali alipochonga, akanyamaza. Alimwambia mwanawe tu: mwezi wa pili, siku ya baridi kali kuliko zote, kidole cha mwisho kiingie mpaka kiungo cha pili. Kisipoingia, Julai utalia.

Mwana akamwambia Douwe. Douwe akamwonyesha Sjoukje alipokuwa na miaka saba. Anakumbuka chuma kilivyomuunguza kwa baridi. Na kwa miaka yote hiyo, michoro ya daraja iliyoko kwenye kabati la ofisi ilibaki kuwa ile ile ya 1887, ya kabla ya Gosse.

Miaka mitatu iliyopita halmashauri ikaamua kwamba madaraja yote kumi na moja yataendeshwa kutoka chumba kimoja, upande wa pili wa mji, kwa kamera na vitufe. Daraja la Siagi likachaguliwa kuwa la majaribio. Mwaka huu likifanya kazi vizuri kutoka Aprili mpaka Septemba, walinzi wote wataondoka, na wenye nyumba za kazi watazirudisha.

Sjoukje alisoma barua ya uamuzi huo amesimama, koti bado mwilini. Hakumwambia baba yake habari ya nyumba. Alimwambia tu kwamba wanaleta kamera. Douwe akasema kamera nzuri, huenda ikaonyesha nani anatupa baiskeli mferejini.

Januari mafundi wakaja. Wakabadilisha mbao za juu, wakatia injini, na kwa kuwa ncha ilikuwa imeliwa na kutu, wakatengeneza mpya kwa kufuata michoro. Rienk ndiye aliyesimamia. Alikuwa na adabu, alisalimia kila asubuhi, lakini maswali yake aliiuliza kompyuta.

Mwezi wa pili, asubuhi ya barafu, mafundi walipokwenda kunywa kahawa, Sjoukje alitoka na gunia lake. Akapiga magoti, akavua glavu. Kidole hakikuingia. Ukucha uliingia, basi.

Akainuka, akakung'uta magoti, akarudi ndani kumenya viazi.

Douwe alikuwa jikoni. Sjoukje, kama watoto wote wa malezi ya zamani huku, hamwambii baba yake "wewe". Alimuuliza kama baba atakunywa kahawa. Baba akasema atakunywa, kisha akauliza kama kidole kimeingia.

"Kimeingia," Sjoukje akasema.

Ni neno moja tu, na hata leo akilitaja hutazama pembeni. Anasema hakupanga. Alijiambia hajaulizwa na wenye kazi yao, na asiyeulizwa hana sababu ya kusema. Huku kwetu mtu wa namna hiyo husifiwa. Lakini chini ya hilo kulikuwa na jingine, na alilijua: Julai daraja likikwama, mashine itaonekana haifai, na nyumba itabaki.

Tarehe kumi na saba Julai joto lilifika nyuzi thelathini na nne. Saa sita mchana mashua tatu za matanga zilipita. Sjoukje alikuwa amekaa mbele ya mlango wake. Mkataba wa majaribio ulisema atazame tu, asiguse kitu. Daraja lilishuka taratibu, likafika upana wa kiganja juu ya ukingo, likakwama. Likapanda kidogo, likashuka, likakwama tena. Mahali fulani mbali mtu alikuwa anabonyeza kitufe.

Vizuizi vilibaki chini. Magari yakapanga foleni mpaka sokoni. Watu wakaanza kumtania: waliuliza amelilisha daraja nini hata likanenepa, na mwenye duka la jibini akasema afadhali wamrudishe Sjoukje kuliko kumlipa kipofu mwenye kamera. Sjoukje anakiri kwamba kwa robo saa ya kwanza alifurahi. Mpira wa maji ulikuwa ndani ya banda lake, hatua kumi tu. Chuma ukikimwagia maji ya mfereji kinapoa, kinarudi. Hakuuchukua.

Halafu akamwona muuguzi wa majumbani, na baiskeli yake, amezuiliwa upande wa pili. Muuguzi alitazama saa, akatazama daraja, akatazama saa. Daraja la jirani lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Akageuza baiskeli kuzunguka njia ndefu. Hapo ndipo Sjoukje alipoinuka kwenda kuleta mpira. Aliunganisha, akamwagia, bila kujali mkataba. Daraja lililala baada ya dakika ishirini na tano.

Muuguzi alikuwa anakwenda kwa Hiske, bibi wa miaka themanini na minne wa mtaa wa nyuma, ambaye kila siku saa sita na nusu huinuliwa kitini. Hiske alingoja, akachoka kungoja, akajaribu mwenyewe. Akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Wiki hiyo majirani walimletea Sjoukje mkate wa sukari. Wakamwambia ameshinda. Madiwani, ilisemekana, walikuwa wameshakata shauri: mashine irudi ilikotoka, walinzi wabaki. Kilichosalia ni kikao cha mwezi wa nane, na huko Sjoukje hakutakiwa kusema hata neno moja. Alichotakiwa ni kuendelea kunyamaza tu, jambo ambalo alikuwa ameshalifanya kwa miezi mitano na nusu.

Mkate ulikaa kabatini ukakauka. Siku moja kabla ya kikao, mchana, alimwambia baba yake yote: ukucha, viazi, mpira wa maji, na nyumba.

Douwe alisogeza kikombe chake pembeni.

"Hiske amevunjika mkono upi?" akauliza.

"Wa kulia."

"Huo ndio wa kufumia." Akatazama nje kidogo. "Kikao saa ngapi?"

Sjoukje akasema saa nane, lakini baba asijisumbue, kuna ngazi. Baba akasema ngazi anazijua, na akataka kujua viatu vyake vizuri vimewekwa wapi. Havikuonekana. Kesho yake akaenda na ndara za nyumbani.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na joto. Rienk alisoma taarifa yake kwa sauti ya chini: michoro ilifuatwa, hesabu ilikaguliwa, hajui kosa liko wapi, na analibeba yeye. Diwani mmoja akasema kijana huyu labda apewe kazi ya karatasi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza kabla ya kura.

Sjoukje akanyoosha mkono.

"Mashine haikukosea," akasema. "Ufa ulikuwa mdogo. Niliujua tangu mwezi wa pili."

Akaeleza habari ya Gosse na patasi yake. Alipomaliza, Rienk alikuwa amemgeukia mwili mzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Sjoukje akangoja wamalize.

"Hilo ndilo jibu nililojipa mwenyewe," akasema. "Nimelitumia sana, limechakaa. Ukweli ni kwamba nilitaka likwame. Ile nyumba ni ya kazi, na baba yangu yumo ndani."

Kutoka kiti cha nyuma Douwe akapaza sauti akiomba watu waseme kwa nguvu, maana huko nyuma hawasikii. Hakuna aliyemweleza.

Kura zilipigwa. Ncha ya daraja ikatwe tena, mashine zibaki, walinzi waondoke tarehe mosi Oktoba. Sjoukje alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja. Ameiweka kwenye droo ya vijiko ili asisahau iliko.

Mtaani baadhi waliacha kumsalimia. Walinzi wengine walikuwa na nyumba pia, na mmoja alimwambia usoni kwamba angeweza kuungama kanisani kama watu wenye akili.

Alikwenda kwa Hiske. Hiske alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umekuja kunivunja na huu?"

Sjoukje akasema amekuja kuomba radhi, na pia kumwosha nywele kama atapenda. Hiske akamwacha kizingitini kwa kitambo, kisha akasema radhi ataifikiria, ila nywele ni chafu kweli. Bandeji ngumu ilitolewa mwezi wa tisa, lakini Sjoukje bado huenda kila Jumamosi. Radhi, anasema, bado inafikiriwa.

Na Rienk? Kwa siku nane hakumwangalia. Siku ya tisa alibisha hodi, kwapani amebeba michoro ya 1887 imeviringishwa. Hakuketi. Aliuliza kama kuna kitu kingine kuhusu daraja lile ambacho hakimo humo.

Sjoukje akamwambia avue koti. Wakaanza saa nne asubuhi, na supu ya mbaazi ilipoiva walikuwa wamefika jambo la kumi na tisa. Kwamba upepo wa kaskazini-magharibi hulisukuma daraja likiwa juu, lishushwe pole pole. Kwamba ukuta wa upande wa mizani unainamia maji, upana wa unywele mmoja kila mwaka. Kwamba mbao mpya zikinywa mvua ya Novemba huwa nzito, na uzito wa nyuma lazima uongezwe. Douwe alisahihisha mambo matatu na kuongeza moja, la njiwa wanaojenga kiota kwenye gurudumu. Rienk aliuliza kama na hilo aliandike. Douwe akasema hilo aliandike la kwanza.

Hivyo ndivyo Sjoukje alivyopata kazi anayoifanya leo. Mpaka mwezi wa tatu, atakapoanza kupata pensheni, anazunguka na Rienk madaraja yote kumi na moja, wakipima nyufa na kukusanya kwa walinzi waliotolewa kazini yale ambayo hayajawahi kuandikwa. Wamemaliza madaraja manane, daftari mbili. Baadhi ya walinzi husema kila kitu. Wengine huwaacha wasimame mlangoni.

Nyumba ya daraja ilirudishwa tarehe mosi, kama ilivyoamuliwa. Inasemekana patakodishwa baiskeli. Sjoukje na baba yake sasa wako ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya stesheni, dirisha linatazama paa la maegesho. Lifti ipo. Douwe anasema lifti ndiyo chombo pekee cha kupanda na kushuka kilichobaki kwenye ukoo, na kwamba mahali penyewe pana kimya mno, hata mtu wa kugombana naye hapiti.

Jumapili hiyo, baada ya viazi na nyama, Sjoukje alimuuliza kama baba atajilaza kidogo. Baba akauliza ni saa ngapi. Akaambiwa saa nane, ila jana ingekuwa saa tisa. Akasema basi ameshachelewa, akaenda. Kwa dakika chache alisikika akikohoa na kusogeza mto huku na huku, akiutafutia mahali ambapo bado hajapazoea. Kisha akanyamaza, na pumzi zake zikaanza kwenda mwendo mmoja.

Sjoukje alivuta mlango, akarudi dirishani, akapandisha miguu kwenye kiti cha pili.

Anachotaka sasa, alisema, ni daftari zikamilike kabla ya barafu, na yule kijana aliyeko kwenye chumba cha kamera aletwe kwenye kila daraja angalau mara moja, alishike. Rienk ameshakubali. Tatizo ni daraja la tisa. Mlinzi wake alikuwa Tsjerk, mtu wa miaka sabini kasoro, ambaye Sjoukje hajasema naye kwa miaka kumi na miwili, tangu siku aliyotamka mbele ya watu kwamba daraja si kazi ya mwanamke. Rienk amekwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili Tsjerk alijibu, "Liko sawa," akafunga mlango.

Sjoukje anajua haliko sawa. Anaijua namna ile ya kusema, maana ni yake mwenyewe. Kwa hiyo kesho atakwenda yeye, peke yake, na mkate wa sukari.

Ila hajui aulizeje. Akimuuliza kama daraja lina tatizo, atasema hapana. Akimuuliza baba yake alimfundisha nini, atasema ni mambo ya nyumbani. Alijaribu swali la tatu kwa sauti, akalikataa mwenyewe, akafumba macho ili afikiri vizuri. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira. Akasema, taratibu, kama anayepanga maneno mezani, kwamba labda asimuulize habari ya daraja hata kidogo. Kila mlinzi ana hali ya hewa anayoihofia kwa ajili ya daraja lake; labda amuulize tu, "Tsjerk, ni hali gani ya hewa iliyokuwa inakunyima usingizi?"

Akalirudia mara moja zaidi, midomo ikiwa mizito. Likamridhisha, na akalala.